Nyota ya njano kwenye ngao nyeupe, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimechora nembo ya ngao kwa ajili ya timu yetu, ngao nyeupe halafu katikati nyota ya njano, mi naona imetulia kabisa ila jamaa mmoja mjuaji kaniambia kwa sheria za heraldi, yaani taaluma ya nembo za ngao, haifai, eti nimeweka metali juu ya metali. Metali gani tena wakati nimetumia rangi za maji? Na mambo yao ya kulia na kushoto ndo yananivuruga kabisa.

JIBU: Marahaba. Mjuaji wako hapo kapatia. Kwenye heraldi njano inahesabiwa dhahabu na nyeupe ni fedha, hizo mbili ndo metali zenyewe, halafu kuna rangi: nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau. Metali isikae juu ya metali, rangi isikae juu ya rangi, basi. Ngao inatakiwa itambulike kwa mbali, sasa we iweke nembo yako ukutani urudi nyuma hatua ishirini uone kama hiyo nyota bado ipo. Ngao ikigawanywa nusu kwa nusu, rangi mbili kukaa ubavu kwa ubavu haina shida. Usije ukaniletea ile nembo ya ufalme wa kale wa Yerusalemu yenye misalaba ya dhahabu juu ya fedha, ile ni maarufu hasa kwa sababu imevunja sheria.

Kulia kunahesabiwa kwa yule aliyeibeba ngao, sio wewe unayeitazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako.

Kinachonifurahisha mimi zaidi ni kwamba nembo halisi ni maneno, mchoro unafuata. Wanaanza na uwanja, yaani ile rangi ya chini ya ngao, halafu kilichomo, kimekaaje, rangi gani. Ya Uingereza ni uwanja mwekundu, simba watatu wanatembea huku wametugeuzia uso, wa dhahabu. Ya Scotland simba ni mwekundu juu ya dhahabu, kasimama kwa miguu ya nyuma makucha juu, huyo wanamwita rampanti. Bluu ikiandikwa bluu basi iwe nzito iwe ya mbingu ni sawa tu, wachoraji wawili watatoa picha tofauti na wote wako sahihi. Ila maneno yakifanana ni balaa, mwaka 1385 mabwana wawili wa Uingereza, Scrope na Grosvenor, walijikuta wote wana ngao ya bluu yenye mkanda wa dhahabu wa mshazari, kesi ikaburuzwa miaka, hadi mshairi Geoffrey Chaucer akatoa ushahidi, na Scrope ndo akabaki nayo.

Kwa hiyo we badili uwanja uwe bluu, nyota iache. Na mkitaka muhuri usio na rangi, dhahabu huchorwa kwa vidoti na bluu kwa mistari ya kulala.