Mguu wa ndege ya skii huvunjikaje na theluji ni laini?

Ndugu wa Nakuru uliyeuliza hivyo, ulaini hausaidii kitu. Gurudumu huviringika; skii, ule ubao mrefu unaofungwa mguuni ili ndege iteleze juu ya theluji, huburutwa. Ukingo wake ukinasa kwenye mfereji wa theluji iliyoganda, mguu unasokotwa, na mguu wa bamba la springi uliundwa kupinda juu na chini, si kusokotwa. Ni sawa na kuingiza tairi moja kwenye mtaro wa matope yaliyokauka, kiwanja cha murram huko Kitale.

Kibaya zaidi ni skii kugandia chini ndege ikiwa imeegeshwa. Rubani anaongeza nguvu ya injini, anatikisa mkia huku na huku ili ajing'oe, na msokoto wote unaishia kwenye bolti. Kila mguu wa ndege ndogo ya Cessna 185 una nne zinazoshika ekseli, na moja tu inayofunga mguu ndani ya bodi! Egesha juu ya mbao au matawi. Ukishanasa, zima injini kwanza, ndipo uing'oe.

Kabla ya kuruka, kandamiza ncha ya mbele ya skii: kamba ya mpira iirudishe juu kwa nguvu. Ikiwa imelegea au kitambaa chake kimechanika, badilisha. Ikikatika hewani, ncha inainama na kinachobaki kuizuia ni waya wa mbele unaoifunga kwenye bodi, peke yake. Waya nao ukiachia, skii inaning'inia ikikinga upepo, na hapo kutua salama ni bahati.

Kagua pia rangi iliyobanduka mguuni. Ufa hupenda kuanzia kwenye kishimo cha kutu.