Haki haichangishwi kwa kikapu

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Unauliza kama mapadre wana pensheni, maana jumuiya yenu huko Dar imetangaza mchango wa mapadre wazee nawe unashangaa zaka zinakwenda wapi.

Padre wa jimbo huishi zaidi kwa posho na nia za misa, yaani sadaka anayopewa na anayeomba misa, na hivyo havimwekei mtu akiba. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haikumsahau. Kanuni ya 281 inataka atunzwe akiugua na akizeeka. Ya 538 inamwomba paroko ajiuzulu akitimiza miaka 75, na inampa askofu wajibu wa kumpatia matunzo na makazi. Maaskofu nao ni hiyohiyo 75: Kardinali Pengo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, aliitimiza Agosti 2019, na mwezi huohuo kujiuzulu kwake kukakubaliwa. Kwa hiyo ni haki iliyoandikwa, na haki haichangishwi kwa kikapu.

Baba yako mkubwa Padre unamkumbuka akiwa chumba cha mbele. Siku alipoletwa ulikuwa bweni. Gari la parokia lilimshusha barabarani na sanduku lake la vitabu, likageuza. Mama yako ndiye aliyejitwika lile sanduku. Jioni kaka akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anaweza kulala hapa mpaka jimbo lipate nafasi. Mtu aliyeniachia fungu lake la kihamba, shamba letu la ukoo, alipopata upadrisho, akasema Kanisa litamtosha, leo ananiomba chumba juu ya ardhi aliyonipa mwenyewe! Nilishindwa kumjibu. Mpaka sasa nikipita kwenye ule mlango, moyo unaniuma.

Nalilaumu jimbo? Nalilaumu. Lakini jimbo litatoa wapi? Parokia za tambarare mvua ikikosa, sadaka ni sarafu na debe la mahindi. Kanuni ya 1274 inataka kila jimbo liwe na chombo maalumu cha kuwatunza makleri, yaani mapadre na wenzao wenye daraja takatifu, na chombo hicho nani atakijaza kama si sisi waamini? Hapo nakwama. Ila hapana, bado nasema: kuweka akiba padre angali anapanda pikipiki kwenda vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia, ni jambo moja, na kupitisha kikapu mzee akishalazwa ni jambo lingine. Haki haichangishwi kwa kikapu.

Utoe au usitoe, sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha. Muulize mwenyekiti wa jumuiya fedha inaingia wapi. Kama ni mfuko wa jimbo, auliziwe hesabu zake husomwa lini na mbele ya nani. Kama ni dawa za mzee fulani aliyeanguka juzi, basi barua yangu isikucheleweshe.

Mama yako anakusalimu. Anataka kujua Krismasi mnapanda huku nyumbani na watoto wote, au mkubwa anabaki na mitihani.

Baba yako