Ukitaka Kuacha Pombe, Tafuta Mwenzako Anayeacha

Asubuhi moja ya Agosti 2021, katika mgahawa wa chai ulio jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, nilimsikia mwanamume aliyeketi benchi la mbele yangu akimwambia muuzaji kwa sauti ya chini, "Kaka, usijaze, nitilie nusu." Mtu mwingine angedhani anabana matumizi. Mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu nami nilikuwa na desturi ya kuomba nusu: asubuhi, kabla mlevi hajazimua, mikono hutetemeka kiasi kwamba kikombe kilichojaa humwagikia vidoleni, na mgahawa mzima hugeuka kumtazama. Nilihamia benchi lake nikamwambia, "Na mimi huwa naomba nusu." Alikaa kimya kwa muda mrefu, akipuliza chai ambayo haikuwa ya moto kiasi hicho. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

Mtu huyo, ambaye ni fundi makenika, ndiye aliyenisaidia kuacha pombe, nami nilimsaidia yeye, na ninapoulizwa na wasomaji waanzie wapi huwa sina jibu jingine zaidi ya hilo.

Nilihamia Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2017, katika ule msafara wa watumishi waliofuata Serikali makao makuu. Mke na watoto walibaki Dar es Salaam kwa sababu ya shule, nami nikapanga vyumba viwili Nkuhungu. Kazi zilikwisha saa 9:30 alasiri, na tangu saa hiyo mpaka usingizi unichukue sikuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa wahudumu wa baa. Nilikuwa mnywaji tangu ujana, lakini zamani nilikunywa na watu. Hapa nilijifunza kunywa peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 1 mwaka huo huo, nilijiambia kwamba sasa nimepona bila jasho, kumbe nilihamia tu kwenye chupa ndogo za pombe kali, ambazo tofauti yake na kiroba ni kwamba hulia zikigongana mfukoni.

Sikukosa washauri. Mke wangu alinisihi, kaka yangu alinigombeza, mkubwa wangu wa kazi aliniita faragha mara mbili, na mawaidha niliyokusanya kwa miaka ile yangetosha kufungulia duka. Yote yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa kuwa kila aliyeniambia ukweli alinifanya nijisikie mchafu zaidi, na mtu anayejisikia mchafu hutafuta mahali pa kujisahau. Fundi hakunipa wosia hata mmoja. Alinieleza tu jinsi alivyoficha chupa ndani ya kasha la spana, nami nikamweleza kuhusu tangi la choo, tukacheka mpaka muuzaji wa chai akaja kuuliza kulikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulizungumza jambo hilo bila kuinamisha macho.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za watu walioacha, niligundua kwamba hatukuwa wa kwanza. Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson, ambaye alikuwa na miezi michache tu bila kunywa, alikwama katika hoteli moja mjini Akron, Ohio, biashara iliyompeleka ikiwa imeharibika na baa ya hoteli ikimwita. Badala ya kuingia baa alikwenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji huo akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumsikiliza kwa dakika 15, lakini mazungumzo yakaendelea kwa saa kadhaa. Kutokana na hao wawili ulizaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous, ambao huhesabu mwanzo wake kuwa Juni 10, 1935, siku aliyokunywa daktari yule kwa mara ya mwisho, na ambao hadi leo haumdai mtu sharti lolote la kujiunga isipokuwa nia ya kuacha kunywa. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba Wilson hakupiga simu ili amwokoe mtu. Alipiga ili yeye mwenyewe asinywe jioni ile.

Kabla sijaeleza tulivyojipanga, lipo jambo moja ambalo mwenzako hawezi kukusaidia, na ningekuwa mkosefu nikilipita haraka. Mtu anayekunywa kila siku, hasa anayehitaji kuzimua asubuhi ndipo mwili utulie, asiache ghafla akiwa nyumbani peke yake. Mwili uliozoea pombe huanza kudai saa chache baada ya kikombe cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Kwa baadhi ya watu hufuata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona watu na wadudu wasiokuwepo, na hali hiyo inaweza kuua. Mmoja wa kundi letu, nitakalolieleza hapa chini, alijifungia chumbani Ijumaa jioni kwa nia njema kabisa, na Jumapili alfajiri mpangaji mwenzake alimkuta sakafuni amejing'ata ulimi. Daktari ana dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa dozi siku hadi siku, na vitamini B1 ambayo miili ya walevi wengi huwa imeishiwa. Najua kwamba hapa nchini ukitaja Mirembe watu hucheka, kana kwamba kufika pale ni kutangazwa mwendawazimu. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, hutibu pia uraibu, na sisi wa Dodoma tunaishi nayo mlango wa pili wakati wengine wanasafirishwa kutoka mikoa ya mbali. Kama unaona aibu, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, ila mweleze mganga kiasi halisi unachokunywa, si kile unachomwambia mkeo.

Sasa, mwenzako utampata wapi? Hatapatikana kwa tangazo. Huyo ni yule jamaa ambaye siku hizi anaagiza soda na kuondoka mapema, au yule ambaye harusini anasema "nipo kwenye dozi" kwa mara ya tatu mwaka huu, au mgonjwa mliyekaa naye foleni ya kliniki. Mkaribie kwa kujisema wewe kwanza, bila kumuuliza lolote juu yake, kwa sababu mlevi akiulizwa hukana, lakini akisikia mwenzake anakiri huweza kutega sikio. Usimchague mwenzi wako wa ndoa, ambaye ameumizwa na pombe yako na hawezi kukusikiliza bila kukumbuka. Usimchague anayekusimamia kazini. Na yule mliyekuwa mkinywa naye usimchague mpaka naye awe ameanza kuacha, kwa maana ninyi wawili mkikutana kupeana moyo mtaishia kupeana ofa.

Mimi na fundi tulianza na saa moja tu ya siku. Kila mtu anayekunywa ana saa yake, na yangu ilikuwa saa 12 jioni, jua linapozama na magari ya kutoka Mji wa Serikali, Mtumba, yanapokuwa yamekwisha kutushusha mjini. Tulikubaliana kubipu. Mbipu mmoja saa 12 maana yake ni "nipo, sijanywa". Mibipu miwili mfululizo maana yake ni "nipigie sasa hivi". Na kimya kikipita saa 1:00 usiku, mwenzako anakuja mlangoni. Utaratibu huo haukutugharimu hata shilingi. Katika mwezi wa kwanza nilibipu mara mbili mfululizo siku tisa, na mara nyingi fundi akipiga tulikuwa tunazungumza juu ya gia boksi, kwa sababu hamu ya pombe hupanda na kushuka, na kinachohitajika ni sauti ya mtu wa kukuvusha dakika 20 au 30 za kileleni.

Polepole tukawa watano, tukapanga kukutana Jumamosi asubuhi palepale penye chai. Hatuna katiba wala mwenyekiti, jambo ambalo kwa Mtanzania ni gumu kuliko kuacha pombe yenyewe. Tulijaribu kuwa na kibubu cha kusaidiana, kila mtu 2,000 kwa wiki, na mwezi wa tatu aliyekuwa akikitunza alitoweka nacho siku nne. Aliporudi, fedha zilikuwa zimekwisha, naye alikuwa anaona haya zaidi kuliko siku aliyojiunga. Nilimkasirikia, lakini kosa lilikuwa letu: tulimkabidhi mtu mwenye kiu fedha taslimu mwisho wa mwezi. Tangu hapo kila mmoja hulipa chai yake, na anayehitaji mkopo huenda kwenye vikoba kama watu wengine.

Mtu akiteleza tumekubaliana kumuuliza maswali mawili tu: umekula, na umelala? Hatuulizi kwa nini. Swali hilo humfanya atunge sababu, na sababu akishaitunga huipenda. Jambo jingine nililojifunza kwa maumivu ni kutoharakisha ushuhuda. Siku yangu ya tisa bila pombe nilisimamishwa mbele ya waumini nitoe ushuhuda kwamba nimefunguliwa. Nilishangiliwa, nilikumbatiwa, na siku ya 14 nilikuwa nimelewa chakari, nikishindwa hata kurudi kanisani kwa sababu ningeonekana nimemdanganya Mungu hadharani. Sina neno na maombi, na bado nasali. Nasema tu kwamba siku za mwanzo ziambie masikio machache.

Wapo wasiotaka kuacha bali kupunguza, na kundini tuliwapokea wawili. Nitasema ninavyoona, ijapokuwa si wote watakaonipenda kwa hilo: kupunguza kunamfaa yule ambaye pombe haijaanza kumwamsha asubuhi. Anayejaribu na aandike idadi kabla ya kutoka nyumbani, si baada ya kurudi, na ajue anachohesabu. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi, kwa hiyo "nilikunywa mbili tu" ni gramu 40, na Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kati ya wale wawili mmoja amefanikiwa kubaki kwenye chupa mbili za Jumamosi. Mwingine alipunguza kwa wiki sita, kisha akaja mwenyewe akasema kuhesabu kunamchosha kuliko kuacha.

Aliyetupa mtihani mkubwa ni mama mmoja wa Chang'ombe anayepika ujimbi wa mtama na kuuza nyumbani kwake. Anasomesha watoto watatu kwa pombe hiyo, na ulevi wake ulianza kwa kuonja, kwa kuwa mpishi asiyeonja hajui kama imeiva. Alitaka kuacha kunywa bila kuacha kupika. Fundi alisema waziwazi kwamba hawezi kukaa na mtu anayemuuzia jirani kile tunachokikimbia, na Jumamosi tatu mfululizo alikaa benchi la mbali ametupa mgongo. Mimi nilikuwa upande wa mama, kwa sababu sikuona ni nani kati yetu angelipa ada za watoto wale. Siku hizi dada yake ndiye anayeonja, naye mama hufunga mdomo kwa kanga anapokoroga, akidai harufu ya chachu ndiyo inayomtesa. Hawajakubaliana na fundi mpaka leo, ila wamerudi kukaa benchi moja, na mbipu wa mama wa saa 11 alfajiri, ambayo ndiyo saa yake ya kuchochea moto, huupokea fundi.

Kuhusu sherehe, vikao vya harusi na wageni wanaokuja Dodoma wakitaka kuonjeshwa mvinyo wa zabibu zetu, sina mengi ya kusema. Kaa karibu na mlango, shika glasi yako muda wote ili asitokee wa kuijaza, na ondoka chakula kikisha. Ile "nipo kwenye dozi" itumie bila dhamiri kukusuta. Ukiitazama vizuri si uongo.

Jambo la mwisho ni familia, na hapa nilikosea. Sikumwambia mke wangu kuhusu fundi wala kuhusu mibipu, kwa sababu nilitaka nimshangaze nikiwa nimepona kabisa. Alikuja likizo ya Desemba, akaona kila siku saa 12 kamili simu inaita mara moja na kukatika, nami natabasamu kisha nabipu na kwenda jikoni kutenga chai. Siku ya nne alichukua simu, akaipiga namba ile mwenyewe, akaweka spika, akasubiri kusikia sauti ya mwanamke. Fundi alipokea akiwa chini ya gari, akapiga kelele kushinda mlio wa injini, "Vipi kaka, umekula? Umelala?" Mke wangu alinitazama, akatazama simu, kisha akajibu kwa upole, "Shemeji, amekula. Kulala bado."