Abaki yupi: mfungaji wa miaka 19 au mlinzi wa miaka 22?

Ndugu, nimekuelewa: timu yako ya mpira wa kikapu inajengwa upya, una kijana wa miaka 19 anayefunga sana na mwingine wa miaka 22 anayekaba vizuri, na nafasi ni moja.

Pointi zisikubabaishe. Hata timu inayofungwa kila wiki lazima iwe na mtu anayeongoza kwa pointi. Milwaukee, timu ya ligi ya NBA ya Marekani, walimchukua Giannis Antetokounmpo mwaka 2013, akiwa chaguo la 15 katika uteuzi wa wachezaji wapya. Msimu wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6.8 tu, na timu ilishinda mechi 15 kati ya 82. Ubingwa walioupata naye ulikuja 2021.

Mimi nikifundisha vijana hutazama sekunde tatu baada ya mtu kupoteza mpira. Anarudi mbio kukaba, au anabaki kumlalamikia mwamuzi? Angalia pia mitupo huru, ile anayopewa mchezaji baada ya kufanyiwa faulo: anayeifunga vizuri, mara nyingi hata mtupo wake wa mbali hurekebishika. Halafu, ana faida gani bila mpira mkononi? Nyota akija kwenye timu, mpira utakuwa mikononi mwa nyota huyo.

Usiamue kwa mechi kumi. Goti likimsumbua yeyote, daktari wa michezo ampime kwanza. Ningekuwa wewe ningembakiza mlinzi, mradi mitupo yake huru inazidi kuimarika.