Jinsi ya kuisikiliza Blow by Blow ya Jeff Beck ikiwa umezoea nyimbo zenye mwimbaji

Ndugu mleta uzi, umesema kwamba umeisikiliza albamu hii ya mpiga gitaa Jeff Beck, ambayo haina mwimbaji, mara tatu, na kila mara umejikuta unamngoja mwimbaji aingie, naye haingii hadi sahani inakwisha. Umeuliza kama kasoro iko kwenye masikio yako au kwenye muziki wenyewe. Nami nilikaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, tena nikiwa mpiga gitaa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonisaidia.

Usianzie mwanzoni. Nenda upande wa pili wa santuri, kwenye wimbo unaoufungua, Cause We've Ended as Lovers. Wimbo huu una maneno. Aliutunga Stevie Wonder, na mwimbaji Syreeta Wright aliuimba katika albamu yake ya mwaka 1974, yaani kabla Beck hajautoa kwa gitaa bila maneno mwaka 1975. Mimi nilijifunza sehemu ya gitaa noti kwa noti kwa wiki nyingi, nikafika mahali ambapo sikukosea hata moja, na bado nilipojirekodi nilisikia kitu kilichokufa. Mwanamuziki mmoja aliyenizidi umri aliniambia niweke gitaa chini, nimsikilize Syreeta, kisha niuimbe wimbo kwa sauti yangu mwenyewe hadi nijue mwimbaji anapumua wapi. Niliporudi kwa Beck baada ya hapo, nilielewa kwamba mwimbaji niliyekuwa nikimngoja alikuwa amekwisha kuingia tangu noti ya kwanza.

Sikiliza hasa ule mwanzo. Beck anaugonga uzi huku kitufe cha sauti kwenye gitaa kikiwa kimefungwa, kisha anakifungua taratibu kwa kidole, hata ule mlio wa uzi kugongwa usisikike kabisa, na noti ifike kama pumzi inayogeuka kuwa sauti. Baadaye anauvuta uzi kutoka noti moja hadi nyingine bila kuifikia ile ya pili kwa haraka, jambo ambalo waimbaji hulifanya kila siku na wapiga gitaa wengi hulikimbia kwa sababu linaonyesha upesi kama sikio lako ni sahihi. Kwenye jalada wimbo umetolewa kwa heshima ya Roy Buchanan, mpiga gitaa wa Marekani aliyesifika kwa mbinu hizohizo, na Syreeta naye ametajwa kwa shukrani. Gitaa lenyewe ni Fender Telecaster ambayo fundi Seymour Duncan aliifunga vinasa sauti (sumaku zinazopokea mtetemo wa nyuzi) vya Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, ndiyo maana lina ukali wa aina ya kwanza na unene wa aina ya pili kwa pamoja.

Ukishalizoea sikio kwa njia hiyo, sasa liondoe kwenye gitaa. Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko wote, na najua utaonekana wa ajabu kwa albamu ya mpiga gitaa. Msikilize Max Middleton kwenye kinanda cha umeme. Alikuwa amepiga na Beck katika kundi lililotangulia, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeleta jazi ndani ya rekodi hii, maana Beck alikuwa mtu wa bluzi na roki aliyetokea kundi la The Yardbirds, asiyejidai kuwa mwanajazi. Akordi za Middleton, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni pana na hazitulii mahali pamoja; kila inapobadilika moja, noti ileile ya gitaa hupata maana nyingine. Freeway Jam, aliyoitunga yeye, ni mfano mzuri: Richard Bailey kwenye dramu na Phil Chen kwenye besi wanashikilia mwendo unaobembea, na Beck anapata nafasi ya kucheza na sauti badala ya kukimbiza vidole.

Scatterbrain, unaofunga upande wa kwanza, ndio utakaokutatiza zaidi, kwa kuwa unakwenda kwa mapigo tisa, na mguu uliozoea manne hupotea mara moja. Usihesabu. Rudia ule msemo wa gitaa kwa mdomo mpaka uweze kuusema bila kuusikiliza, na mapigo yatajipanga yenyewe. Vinanda vya nyuzi (fidla na ndugu zake) vinavyoingia humo, kama vile vya Diamond Dust mwishoni mwa albamu, vilipangwa na George Martin, mtayarishaji wa The Beatles, ambaye ndiye aliyeisimamia rekodi hii katika studio za AIR jijini London. Mwaka 1974 alikuwa ametayarisha albamu ya kundi la jazi na roki Mahavishnu Orchestra iitwayo Apocalypse, ambamo gitaa la John McLaughlin linakwenda pamoja na okestra kamili. Kwa Beck alitumia okestra kwa kiasi zaidi, na mimi naona ni afadhali hivyo, kwa sababu nyuzi zinakuja pale tu ambapo gitaa limekwisha kusema lake.

She's a Woman, wimbo wa The Beatles uliopewa mwendo wa rege, unapendeza lakini hauna kina cha nyimbo nilizozitaja. Hapo Beck anatumia kifaa chenye mrija unaoingia mdomoni na kulifanya gitaa litamke kama mtu. Jambo linalonigusa ni kwamba kifaa hicho kinalifanya gitaa lisikike kama mtu kwa nje tu, ilhali kule kwenye wimbo wa Syreeta vidole na kitufe kimoja vinafika mbali zaidi.

Kwa hiyo anza na Cause We've Ended as Lovers, endelea na Freeway Jam, kisha Diamond Dust usiku ukiwa umetulia, na baada ya hapo ndipo urudi kuusikiliza upande wa kwanza wote bila kukatiza, kwa maana Air Blower na Scatterbrain zimeunganishwa na hazifai kutenganishwa. Albamu yake Wired ya mwaka 1976, ambayo umesema unayo pia, iache kwanza. Ina kasi na ukali mwingi zaidi, na mpiga kinanda Jan Hammer anashindana na Beck kwa sintesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, kiasi kwamba sikio lisilojua sauti ya gitaa la Beck haliwezi kutambua kila wakati ni nani anayepiga.