Eti chini ya kasri la Gede kuna dhahabu?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi msomaji wenu wa huku Malindi. Kuna jamaa amekuja na mashine anasema inashika dhahabu, na eti chini ya kasri pale magofu ya Gede kuna sanduku la sultani ila majini wanalilinda, kwa hiyo tuchange pesa ya mbuzi mweusi na ubani ndo lifunguke. Ami yangu ashatoa zake. Kuna ukweli hapo?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie ami asitoe hata shilingi nyingine. Hadithi za mali ya Gede tumezisikia sote tuliokulia pwani, na zile za mizimu ya wazee wa Gede kwamba ukiharibu pale itakuandama, na hizo mimi nazipenda kabisa maana zimewazuia wengi kubomoa kuta. Lakini sanduku hilo mtu asikudanganye. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale 1948 mpaka 1958, kasri, msikiti mkuu, nyumba kwa nyumba, na nyumba zikapewa majina ya vilivyopatikana ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya kisanduku cha pembe, na hicho kisanduku ni cha pembe za ndovu sio dhahabu. Vingine shanga, taa ya chuma, na vigae vya sahani za China, za kijani na zile nyeupe zenye buluu.

Halafu fikiria, Gede ulikuwa mji wa watu, na ulihamwa karne ya 17 na sababu moja inayotajwa ni maji kushuka, kisima cha msikiti mkuu kilibidi kichimbwe tena chini zaidi. Sasa mtu anahama kwa kukosa maji, ataacha dhahabu? Atabeba mkufu wa mkewe, aache sahani iliyovunjika. Na kigae hicho ndo mali yenyewe, kikikaa kwenye tabaka lake la udongo kinatuonyesha ukuta ulijengwa lini, ukikichomoa na jembe usiku basi hakisemi tena.

Tena kuchimba bila kibali ni kosa, ipo sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na tangu 2024 Gede iko kwenye orodha ya Unesco ya urithi wa dunia.

Ami adai pesa yake mapema, akizungushwa aende polisi, na nyinyi piteni ofisi ya makumbusho pale getini muwape habari za hiyo mashine kabla huyo jamaa hajaingia nayo msituni kwenye magofu.