Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kutunga Muziki wa Filamu

Kila msimu wa kupeleka filamu kwenye matamasha unapokaribia, hunijia vijana wenye kompyuta mgongoni na ombi lilelile: "Kaka, sikiliza kidogo uniambie kama imekaa sawa." Huwa nasikiliza. Filamu inaanza, muziki unaanza nayo, na haupumui hata mara moja mpaka majina ya mwisho yapande. Mtu akinywa chai, kuna fidla. Mlango ukifunguliwa, kuna ngoma za vita. Msichana akisoma ujumbe kwenye simu, kuna kwaya nzima inayoimba kwa lugha isiyojulikana. Nikiuliza sababu, jibu ni moja: "Sini ilikuwa tupu, kaka." Naandika haya kwa mapenzi, na pia kwa sababu nimechoka kuyarudia mmoja mmoja. Nachukulia kwamba mnazijua programu zenu na kwamba hamuanzi kutunga kabla picha haijafungwa, yaani kabla uhariri wake haujakamilika, ingawa kwa baadhi yenu hilo la pili nina mashaka nalo.

1. Itazameni filamu yote mara ya kwanza bila kugusa kibodi. Sina la kuongeza hapo.

2. Kabla ya kuchagua ala yoyote, amueni muziki wenu unajua nini. Hili ndilo somo la Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975 kuhusu samaki papa anayewashambulia waogeleaji, na huwa naudhika kidogo ninaposikia kijana akisema kwamba siri ya muziki ule ni noti mbili. Noti mbili anazo kila mtu. Mtunzi wake, John Williams, alipozipiga kwenye piano kwa mara ya kwanza, Spielberg alicheka akidhani anataniwa, na ilimchukua muda kuelewa alichopewa. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya filamu papa haonekani, na noti zile ndizo zinazotuarifu kwamba yupo na kwamba anasogea. Sasa itazameni sini ya wavulana wawili wanaowatisha waogeleaji kwa pezi la kadibodi. Ufuo mzima unapiga mayowe, watu wanakanyagana kuyakimbia maji, na muziki haupo kabisa, kwa sababu papa hayupo. Mtazamaji anafundishwa, bila mwenyewe kujua, kuuamini muziki kuliko macho yake. Imani hiyo ikishajengeka, filamu inamsaliti: Brody, mkuu wa polisi anayemsaka papa, anatupa chambo baharini huku akinung'unika, hakuna hata noti moja ya kumwonya, na kichwa cha papa kinachomoza majini karibu na mkono wake. Kama Williams angeutia muziki kwenye utani wa wale wavulana, mshtuko huu wa pili ungepoteza nguvu zake zote. Nionyesheni mahali katika kazi zenu ambapo muziki umenyamaza kwa sababu kama hiyo, nami nitawanunulia chakula.

3. Muziki wa muda, ule ambao mhariri huuweka ili kushika nafasi wakati anakata picha, usiachwe ukazoeleka. Mwongozaji akiusikia kila siku kwa miezi miwili, utakuwa umeoa ndani ya filamu, na wewe utakuja kama posa iliyochelewa. Mtunzi Alex North hakuwa mgeni kwa mwongozaji Stanley Kubrick, kwa kuwa alikwishamtungia muziki wa Spartacus mwaka 1960. Kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 alitunga na kurekodi muziki wa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza, bila kuambiwa kwamba Kubrick amekwishaamua kubaki na rekodi alizokuwa akizitumia wakati wa uhariri, za Richard Strauss, Johann Strauss na György Ligeti. North aliligundua hilo alipoketi kuitazama filamu iliyokamilika. Muziki wake ulirekodiwa upya na Jerry Goldsmith mwaka 1993, na nawashauri mwusikilize huku mkiitazama filamu, kwa maana ni kazi ya hali ya juu; hata hivyo, vile vyombo vya angani vikizunguka taratibu kwa mwendo wa valsi ya Johann Strauss, nashindwa kusema kwamba Kubrick alikosea kuchagua. Alikosea kutomwambia mwenzake. Ninyi muulizeni mwongozaji mapema ni kitu gani hasa anachokipenda katika muziki wa muda: kasi yake, ala zake, au mahali unapoingia na kutoka.

4. Sini isiyo na muziki si sini tupu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu adabu yangu yote katika kazi hii niliipatia hapa.

Nilipewa filamu fupi kuhusu mama aliyefiwa na mwanawe. Sini kuu ilikuwa moja tu: mama ameketi kitandani, anaikunja sare ya shule ya marehemu, anaifungua, anainyoosha kwa kiganja, anaikunja tena. Hakutoa chozi. Aliyeigiza alikuwa mama mtu mzima ambaye sauti yake wengi wetu tulikua nayo kwenye michezo ya redio, na mwongozaji alikuwa na akili ya kuiacha kamera pale pale bila kukata. Mimi nilipoiona nikasema ni tupu. Nikaweka fidla. Fidla nikaziona nyonge, nikaongeza kwaya. Kwaya ikawa nzito upande wa chini, nikaongeza fidla nyingine juu yake. Mhariri aliniambia kwa upole kwamba huenda sini ile inajitosheleza, nami nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyetunga matangazo mawili ya biashara yakapendwa, kwamba watazamaji wetu wasiposaidiwa hawaelewi. Mwongozaji alikuwa kijana na aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, kwamba aliniamini.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa na watu walikuwa wametulia vizuri. Mama akaikunja sare, akaifungua, kwaya ikaingia. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, wala hakujisumbua kunong'ona, "Haya jamani, tumeambiwa tulie." Safu yake ikacheka, kicheko kikapanda safu ya pili, kikafika mbele ambako yule mama alikuwa ameketi na wajukuu zake. Baada ya taa kuwashwa nilimfuata nimsalimu. Shikamoo yangu ilikuwa bado iko mdomoni alipoupokea mkono wangu na kuniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei: "Marahaba. Mwanangu, kwani pale sikulia vizuri?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua kompyuta nikauzima muziki wangu wote, nikaisikiliza sini kwa sauti iliyorekodiwa siku ya kupiga picha. Kiganja chake kilikuwa kinasikika kikipita juu ya kitambaa kikavu, na nje, mbali, jirani alikuwa anatwanga. Kutwanga kule hakukuwa na habari na msiba wowote. Yote hayo nilikuwa nimeyafunika, na yule fundi wa sauti aliyekesha na kipaza sauti chake hakuwahi kunilaumu, jambo ambalo ni afadhali angelifanya.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa napinga muziki kwenye sini za msiba. Katika Pather Panchali ya Satyajit Ray, iliyotoka mwaka 1955, baba anarudi nyumbani kutoka safari ndefu, anatoa sari aliyomletea binti yake, bila kujua kwamba binti amekwishafariki. Mama anaangua kilio, lakini sauti yake hatuisikii. Ray ameiondoa, na mahali pake ameweka mlio mkali wa tar shehnai, ala ya Kihindi ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na yenye sauti inayokaribia zumari. Ravi Shankar alitunga na kurekodi muziki wa filamu ile karibu wote katika kikao kimoja kilichokesha hadi alfajiri, kwa kuwa ratiba ya safari zake haikumpa nafasi nyingine. Tofauti na nilichokifanya mimi ni hii: Ray alitoa kitu ili muziki upate pa kukaa, na mimi nilirundika juu ya kitu kilichokuwapo. Bernard Herrmann naye, aliyekuwa mtunzi mwenye wivu na kazi yake kuliko wengi, alikubali kuwa mshauri wa sauti katika The Birds ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1963, filamu isiyo na muziki wa kuisindikiza hata kidogo, ambamo milio ya ndege na ala za kielektroniki ndiyo inayotisha. Na Ennio Morricone, ambaye aliutunga muziki wa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 kabla ya filamu kupigwa, hata mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga mbele ya waigizaji wakati wa kazi, hakuuweka kwenye dakika ndefu za mwanzo pale stesheni. Tunasikia kinu cha upepo kikilia kwa kutu, matone ya maji yakidondokea kofia, na nzi. Mwanzo ule naurudia kila ninapopata kazi mpya.

5. Uchache wa ala usiwe kisingizio, wala wingi wake usiwe fahari. Psycho ya mwaka 1960 ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na Herrmann akaamua kutumia ala za nyuzi pekee. Hitchcock alitaka sini ya bafuni ibaki bila muziki, Herrmann akaitungia hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadilisha kauli. (Vijana hunisomea habari hii kama ruhusa ya kumbishia mwongozaji. Kwanza tungeni kitu kama kile.) Katika The Third Man ya mwaka 1949, Carol Reed alimchukua Anton Karas, mtu aliyekuwa akipiga zita kwenye vilabu vya mvinyo mjini Vienna, na filamu nzima ikabebwa na ala hiyo moja ya nyuzi, jamaa ya karibu ya ganuni yetu ya taarabu. Mnao wapiga ganuni Zanzibar, hai na wazima, lakini mnanunua fidla za kompyuta. Na Jerry Goldsmith alipoitwa kuokoa Chinatown ya mwaka 1974, baada ya muziki wa mtunzi wa kwanza kukataliwa, alipewa siku 10. Alichagua tarumbeta moja, nyuzi, piano 4, vinubi 4 na wapiga midundo wachache, na muziki wote haufiki hata nusu saa. Mnaponiandikia kwamba wiki tatu hazitoshi, jueni kwamba nalifikiria tarumbeta lile.

6. Muziki wa nchi na muziki wa mtu ni mambo mawili. Kijana mmoja aliniletea filamu kuhusu mchuuzi wa Kariakoo anayedaiwa kodi, akawa ameitungia nyuzi pana zinazopaa kwa namna ya John Barry katika Out of Africa. Nikamuuliza kama mchuuzi yule ana ndege. Barry, aliyekuwa amekwishapata tuzo 2 za Oscar kwa Born Free ya mwaka 1966, nayo ya Kenya, alipata nyingine kwa Out of Africa ya mwaka 1985, na sababu ya kazi ile kukaa vizuri ni kwamba hakuitungia Kenya. Alimtungia Karen Blixen, mwanamke wa Denmark anayekumbuka akiwa mbali shamba alilolipoteza. Nyuzi zile ni kumbukumbu yake, na ndiyo maana zinafaa Karen na mpenzi wake wakiwa ndani ya ndege, juu hewani, wakitazama chini. Mfano mwepesi zaidi ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962. Henry Mancini alipokuta sini ya watoto wa tembo wakimfuata mwanamke kwenda kuoga, hakujaribu kutuonyesha ukubwa wa bara la Afrika. Alitunga mwendo wa kuchekesha wa watoto wanene wasio na haraka, na leo watu wasioijua filamu hiyo wanaujua wimbo ule.

7. Muulizeni mhariri kama picha inakwenda kwa fremu 24 au 25 kwa sekunde kabla ya kuanza. Msikilize kazi yenu kwenye spika mbovu ya televisheni angalau mara moja. Mazungumzo yakianza, shusheni ala zinazoshindana na sauti ya mtu, hasa fidla za kati na gitaa. Msitume faili inayoitwa "mwisho mwisho kabisa 2".

8. Wekeni kumbukumbu ya kila kipande: kimetungwa lini, kimetumika wapi, kwa sekunde ngapi. Mtaihitaji mtakapodai haki zenu, na mtaihitaji pia kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Nino Rota aliteuliwa kuwania Oscar kwa muziki wa The Godfather ya mwaka 1972, kisha uteuzi ukafutwa ilipobainika kwamba sehemu ya muziki ule aliwahi kuitumia katika filamu ya Kiitalia iitwayo Fortunella, ya mwaka 1958, ambako ilikuwa imechangamka na ya kuchekesha. Sehemu ya pili ya filamu ilipotoka mwaka 1974, Rota na Carmine Coppola waliipata tuzo, na mada zile za zamani zikiwa bado zinasikika ndani yake. Ninyi hamtapewa nafasi ya pili kirahisi hivyo. Nawajua watatu kati yenu ambao wameuza kipande kilekile cha marimba kwa watayarishaji wawili tofauti, na mmoja wa watayarishaji hao amekwishanipigia simu kuniuliza.